Vichupa Visivyo na Lebo

Mama Chumvi hakuwa mtu wa kubandika lebo. Kwa miaka kumi na mitatu alichanganya chumvi za kuogea pale pale jikoni kwake: chumvi ya mawe bakuli mbili, magadi nusu bakuli, kisha mafuta ya manukato, tone baada ya tone. Mteja akitupia konzi moja kwenye maji ya moto na kutumbukiza miguu, uchovu wote kwaheri. Vichupa vya mafuta vilikuwa saba, vyote vya kahawia, vyote vimefanana. Ukimwuliza anavitofautishaje, alijigusa pua. Na pua hiyo aliiringia, tusifichane.

Basi yakamwingia mafua, na yalipoondoka yakaondoka na harufu zote. Wiki ya kwanza akajipa moyo. Ya tatu hata moyo ukagoma, ila hakumwambia mtu. Aliona haya.

Siku hiyo saluni moja ilikuwa imeagiza makopo ishirini ya chumvi ya waridi, yachukuliwe saa kumi. Akavipanga vichupa mezani, akavikodolea macho. Akitia mkaratusi kwa bahati mbaya, wateja wa watu wataoga watoke wananuka dawa ya kifua, na jina lake limekwisha. Saa nane ikamkuta amekaa vile vile.

Mumewe akaingia kula. Alikuwa fundi pikipiki, grisi mpaka viwikoni, na miaka yote mkewe alimtania kuwa hajui kutofautisha waridi na petroli.

"Mzee," mkewe alisema, akimsogezea vichupa. "Pua yangu imekufa. Naomba uninusie."

Mzee hakucheka. Alinawa mikono mara mbili, akaketi, akafungua cha kwanza.

"Hii ya kuchua kifua."

Mkewe akaandika: mkaratusi.

"Hii ya chai."

Mchaichai. Kazi ikaenda mbio, mpaka kichupa cha tano. Hapo mumewe alinusa, akanusa tena, na tena.

"Vipi, huijui?"

"Naijua sana, mama. Ni harufu yako, jioni, ukitoka kuoga."

Waridi. Mama Chumvi alikinyakua kile kichupa, akakisogeza puani. Hamna kitu. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu mafua yale. Mumewe akakichukua taratibu, akavuta bakuli karibu, akamwuliza ni matone mangapi.