Mdudu Aliyemtangulia Enkai

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, nusura nimuue nyanya yangu, Shosho, kwa mbawakawa. Ndivyo nilivyoamini kwa siku tatu nzima.

Tulikuwa tumehamia Kitengela kutoka Murang'a, na ukame ulikuwa umekausha hadi miiba. Asubuhi moja, kwenye kinyesi cha ng'ombe nyuma ya boma la jirani, nikamwona mdudu wa kijani, anang'aa kama sufuria mpya, shingo nyekundu ya shaba, anasukuma donge lake kinyumenyume bila haya. Nikamtia kwenye mkebe, nikampeleka nyumbani kwa madaha.

Mama Naserian, jirani yetu Mmaasai, alikuwa mlangoni akimpimia Shosho maziwa. Akachungulia mkebeni, akacheka.

"Huyu hatoki bure. Enkai iko karibu kukuja."

"Karibu lini?" Shosho akauliza.

"Jumapili haipiti."

Shosho alijua neno moja tu la Kimaa, na alilijulia kanisani: Enkai, yaani Mungu. Akaketi. Mama Naserian alipoondoka, akaniambia kwa upole, "Nyambura, umeniletea mjumbe wa kunichukua. Sina kinyongo."

Akafua nguo yake ya kanisani. Kuku wake mwekundu akamwachia mama yangu. Akamsamehe shangazi yangu, jambo ambalo hata pasta alishindwa kumshawishi afanye. Mimi nikamrudisha mdudu kwenye kinyesi kilekile, nikilia, nikimsihi aende akamwambie aliyemtuma kwamba hakutupata. Nilimpenda Shosho kuliko mtu yeyote.

Jumapili baada ya ibada akajilaza na nguo ile ile, mikono kifuani. Saa nane mchana mabati yakaanza kulia. Mama Naserian akapita mbio, shuka kichwani.

"Si niliwaambia? Enkai hiyo! Toeni ndoo!"

Kumbe kwa Kimaa, Mungu na mvua ni neno moja. Shosho akainuka, akasikiliza, akacheka hadi machozi. Jioni alidai kuku wake. Msamaha wa shangazi hakuudai.

Siku hizi malisho yale ni ploti na kuta za mawe, na nilidhani wadudu wale wameisha. Lakini wiki jana binti yangu aliniita kutoka uani: "Mami, kuna mdudu ako na rangi ya gari!"

Furaha niliyoisikia siwezi kuificha. Nilitoa ndoo zote. Kisha nikampigia simu dada yangu, ambaye hatukuwa tumesemezana naye tangu Krismasi, maana mtu hajui ni Enkai gani anayekuja.