Moto Aliouagiza Wifi

Mama Pasi hakuzaliwa na jina hilo, lakini aliyembandika hakukosea. Alishika pasi akiwa msichana na akaiachia nywele zimeshageuka mvi, katika jengo la dobi mkubwa aliyefulia hoteli na hospitali za mji. Alinyoosha mashuka ya watu waliolala vizuri na ya watu waliokufa vibaya, yote kwa mkunjo mmoja. Chumba cha kunyooshea kilijaa mvuke kutwa. Wenzake walizimia humo, yeye alinenepa. Viganja vyake vilikomaa hata akawa anaipua sufuria bila kitambaa, jambo lililomfanya mama mkwe wake amheshimu mapema kuliko ilivyo kawaida.

Alipostaafu walimpa keki na saa ya ukutani, ili aone vizuri jinsi muda usivyokwenda. Kisha wakamrudisha nyumbani, na huko ndiko alikokutana na baridi kwa mara ya kwanza. Mji wao uko juu, kwenye ukungu unaoingia alfajiri na kutoka unapojisikia, kama shemeji asiye na kazi. Nyumba ilikuwa ya mawe, na marehemu mumewe aliijenga kwa imani kwamba jiwe halihitaji kitu. Kwa miaka yote hiyo Mama Pasi aliiona nyumba hiyo usiku tu, akiwa bado na joto la kazini mwilini. Sasa alikaa humo mchana kutwa, na sweta mbili, na soksi za marehemu, akagundua kwamba maisha yake yote alikuwa akiota moto kwa gharama ya tajiri.

Hakuwa peke yake. Aliishi na wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuja msibani na sanduku kubwa kuliko msiba wenyewe na hajaondoka mpaka kesho. Huyu alikuwa amesimama nyuma ya meza ya mapokezi ya hoteli kubwa tangu ujana, kwa hiyo watu walimwita Mapokezi, na bado alipokea simu ya nyumbani kama anayetoa vyumba. Kwenye ukumbi wa hoteli ile palikuwa na moto wa kuotea, wenye kioo na magogo, na kwa Mapokezi ustaarabu wote wa binadamu ulianzia pale.

Basi walipokubaliana kwamba nyumba inahitaji joto, huo ndio ulikuwa mwisho wa makubaliano. Mama Pasi alitaka hita ya ukutani, bapa, ya gesi, ifanye kazi yake inyamaze. Mapokezi alitaka moto unaoonekana.

"Hita ni kama sanduku la posta," alisema. "Mgeni akija aangalie nini?"

"Aangalie mlango," alijibu Mama Pasi, "ajue njia ya kutokea."

Walianzia duka la mtaa mkubwa, lenye vioo mpaka juu. Muuzaji wake alikuwa kijana wa tai, msema hovyo kama kasuku aliyelelewa sokoni. Aliwapeleka mbele ya moto mmoja uliokuwa ukicheza vizuri hata Mapokezi akashika kifua. Mama Pasi yeye alishika kioo. Kilikuwa baridi kama pua ya mbwa. Alichungulia kwa nyuma akaona taa na kitambaa cha rangi ya chungwa kinachopepea. Kasuku alieleza kwamba huo ni wa maonyesho, ule wa kweli unafanana nao sana. Mama Pasi aligonga bati la ubavuni, likalia kama kopo la dagaa. Akauliza vipuri vinapatikana wapi kikiharibika kitu. Kasuku alicheka, akasema bidhaa zao haziharibiki.

"Hata mume wangu alikuwa haharibiki," Mama Pasi alimwambia, "na tumeshamzika."

Duka la pili lilikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, mahali ambapo Mapokezi aliingia ameinua sketi kama anayevuka mto. Mwenye duka alikuwa mwanamke mwenye aproni ya ngozi, aliyezungumza kana kwamba maneno yanatozwa kodi. Hakuwaonyesha kitu. Aliwauliza chumba kina urefu gani, upana gani, dari iko juu kiasi gani, madirisha mangapi, ukuta upi unatazama nje, na kama gesi yao ni ya mtungi au ya bomba. Mapokezi alisema chumba ni cha wastani.

"Wastani si kipimo," alisema mwenye duka. "Mkipima, rudini."

Mapokezi alitoka amenuna. Mama Pasi alitoka amependa. Walirudi na vipimo, na hapo ndipo mwanamke yule alipofungua mdomo. Aliwasha hita moja mbele yao, akazima, akawasha tena, mara nyingi, wasikie inavyoshika kwa mbonyezo wa kwanza. Aliupuliza mwali ukafa, akawasikilizisha gesi inavyojifunga yenyewe kwa mlio mdogo. Isiyojifunga, alisema, hiyo si hita bali ni jeneza la bei nafuu. Aliwaonyesha bomba linalopita ukutani kutoa moshi nje. Hita kubwa kupita chumba si zawadi, aliwaeleza: utakuwa unaipunguza kila saa, mwali unawaka vibaya, kioo kinajaa masizi, na gesi inakwisha wakati wewe bado unafungua dirisha. Na iagizwe tangu kiwandani ikiwa imetengenezwa kwa gesi ya mtungi, maana kitundu cha kutolea gesi ya bomba ni cha kipimo kingine, na kukibadilisha si kazi ya kisu cha jikoni.

Mama Pasi aliagiza hita ya ukutani ya kuenea sebule yao, isiyozidi. Walirudi nyumbani, yeye akiwa na furaha ya mtu aliyekata shauri, na wifi yake akiwa kimya. Kimya cha Mapokezi kilipaswa kumtisha.

Mama Pasi alipokwenda kununua sabuni siku iliyofuata, Mapokezi alichukua simu na sauti yake ya hotelini, akampigia mwenye duka. Alimweleza kwamba familia imeamua kuuvunja ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia, kwa hiyo chumba kitakuwa mara mbili, kwa hiyo hita haitafaa tena, kwa hiyo waletewe ule moto mkubwa wenye kioo na magogo. Mwenye duka aliuliza kama ukuta unavunjwa kweli. Mapokezi alisema mafundi wanaanza Jumatatu. Aliongopa bila kupepesa. Miaka mingi alikuwa amewaambia wageni kwamba maji ya moto yanakuja sasa hivi.

Moto ulipofika, ulifika na wanaume watatu na mkokoteni. Mama Pasi alipoona boksi alidhani wameleta kabati la jirani. Aliwauliza mafundi, wakasema ndiyo oda yao; wakaulizia ukuta, Mapokezi akasema utavunjwa baadaye kidogo. Mama Pasi alimpigia mwenye duka, naye akamweleza yote kwa sentensi moja. Mama Pasi aliutazama ukuta. Ulikuwa umesimama vizuri, na picha ya marehemu juu yake. Akamtazama wifi yake, aliyekuwa ghafla anapanga vikombe.

"Ahaa," alisema kwenye simu. "Ukuta. Ndiyo."

"Huo utawaivisha," alisema mwenye duka. "Acheni milango wazi, uwe chini kabisa. Mkichoka mniite."

Mtu mwingine angewasha ugomvi. Lakini Mama Pasi alijifunza kwa dobi kwamba doa sugu halisuguliwi, hulowekwa. Alisema moto ni mzuri sana, akawashukuru mafundi, wakaufunga, wakapitisha bomba nje, wakapima kama gesi inavuja, wakaenda zao.

Sebule ikawa chumba cha mvuke kisicho na mvuke. Hata ukiwa chini kabisa, moto ule ulikausha maua kwenye chombo. Mama Pasi alivua sweta ya kwanza, akavua ya pili, akarudisha soksi za marehemu kabatini. Mifupa ililegea. Alitoa meza yake ya kunyooshea, akanyoosha kila nguo ya nyumba, hata matambara ya kudekia, huku akiimba nyimbo za kazini ambazo hazifai mbele ya watoto. Hakuwahi kuwa na furaha namna hiyo tangu astaafu.

Mapokezi alikuwa anayeyuka. Wanja ulishuka mpaka mashavuni. Wigi lilianza kutoa harufu ya kitu kilichosahaulika jikoni. Lakini angelalamika vipi? Aliketi wima mbele ya moto wake akisema unapendeza, huku jasho likimtiririka mgongoni kama bomba bovu.

Halafu akina mama wa kanisani walikuja kwa maombi pamoja na mchungaji. Mwenyekiti wao alijulikana kwa kuanza sala tangu uumbaji wa dunia. Siku hiyo alifika amina kabla Adamu hajapata mke. Mchungaji, ambaye amehubiri moto wa milele tangu apate kola, aliomba kwa upole kukaa karibu na dirisha. Walipoondoka, Mapokezi alijipepea kwa mfuniko wa sufuria. Mama Pasi aliinuka, akaweka kidole kwenye kirungu cha kuongezea moto.

"Wifi, naona umejikunyata. Niongeze kidogo?"

Mapokezi aliuweka mfuniko chini. "Ukiongeza nakufa, utanizika na mimi."

"Si ukuta unavunjwa Jumatatu? Chumba kitakuwa kikubwa, utapata hewa."

Magogo ya bandia yalijifanya yanaungua.

"Ulijua," alisema Mapokezi.

"Tangu boksi liko mlangoni."

"Na ukaniacha nikaangike."

"Ulikuwa umeniambia unapendeza."

Mama Pasi alitegemea kelele, na alikuwa na majibu yamejipanga. Badala yake Mapokezi alivua wigi, akaliweka magotini kama paka, akaanza kusema bila ile sauti ya hotelini. Moto wa ukumbini ulikuwa mbele ya meza yake, alisema, hatua chache tu. Aliutazama kazi yake yote. Wageni walivua viatu wakanyoosha miguu, wakalala midomo wazi, na yeye akiwa wima na viatu vya kubana, kwenye upepo wa mlango unaofunguliwa kila dakika. Wafanyakazi hawakuruhusiwa kuketi pale. Hata siku aliyoagwa, waliagana naye jikoni.

Mama Pasi aliwaza kwamba wakati yeye akinyoosha mashuka ya hoteli ileile, ameloa jasho na akilaani joto, mwenzake alikuwa mlangoni mwa hoteli hiyo anatetemeka kwa tabasamu. Alimletea maji ya kunywa. Kisha, kwa sababu hakutaka kuonekana amelainika, alimwambia avae wigi lake, kichwa chake kinatisha wapita njia.

Mwenye duka alikuja mwenyewe walipomwita, akatazama ukuta uliosimama, akatazama nyuso zao. Moto mkubwa aliuondoa. Ulinunuliwa kwa ajili ya ukumbi wa kanisa, na inasemekana tangu hapo mahubiri yamefupika. Kwa sebule, Mama Pasi ndiye aliyetamka: waletewe mdogo, wa gesi ya mtungi, wa kuenea chumba, lakini uwe na kioo, na mwali, na magogo. Mapokezi alifungua mdomo kubisha kwa mazoea, akakumbuka kwamba ndicho alichokitaka, akaufunga.

Ulichelewa, kama vitu vyote vinavyoagizwa sawasawa, na walisubiri wakiwa na blanketi moja magotini na ugomvi kuhusu upande wa nani ni mrefu. Ulipofungwa, ulishika kwa mbonyezo wa kwanza. Haukumtosha Mama Pasi. Mwili uliopikwa miaka mingi hauridhiki na joto la watu wa kawaida, na sweta moja ilibidi irudi.

Mchana huohuo Mapokezi alivua viatu, akanyoosha miguu mbele ya kioo, akalala mdomo wazi, akakoroma kama pampu ya maji. Mlango uligongwa. Alikuwa jirani, amesikia kuna moto mpya, amekuja kuuona. Mama Pasi alimfungulia nusu, akamwambia kwa sauti ya chini arudi kesho, mwenyewe amelala.

"Mwenyewe nani?" aliuliza jirani.

"Mwenye moto," alisema Mama Pasi, akafunga mlango, maana baridi ilikuwa inaingia.