Hema la Harusi ya Wambui

Mwanangu, iko jioni moja nyumbani Ngoliba ambayo naikumbuka hadi harufu ya vitunguu vilivyokuwa vikikaangwa. Kesho yake mdogo wangu Wambui alikuwa anaolewa. Mimi niliyemtangulia kuzaliwa sikuwa nimeposwa na mtu, na sehemu yangu katika sherehe ile ilikuwa kusimamisha hema.

Ndiyo iliyokuwa kazi yangu Ruiru, kukodisha mahema. Kila jioni nilifungua simu kutazama upepo wa kesho, maana hema ni shuka kubwa tu, linatafuta sababu ya kuruka. Jioni ile simu ilisema kasi ya upepo itakuwa kilomita kumi na tano kwa saa. Huo ni upepo wa kukausha nguo. Lakini chini yake palikuwa na namba nyingine, ya vishindo, zile nguvu za ghafla zinazokuja na kuondoka. Hiyo ilikuwa arobaini na tano. Na upepo wenyewe ungetoka kusini mashariki, upande wa mlima Kilimambogo.

Wambui alitaka hema liachwe wazi upande huohuo, mlima uonekane nyuma yake kwenye picha.

"Itapendeza, si ndiyo, dada?"

Nikamwambia itapendeza. Wivu hauhitaji uongo, mwanangu. Wangu ulikaa kimya na kutabasamu. Nilishaiona siku yake ikipeperuka, kitambaa cheupe juu ya mahindi, na katika picha ile ya kichwani mwangu sikuweka mtu yeyote chini ya nguzo.

Tata Njoki, dada ya mama, alikuwa akimenya viazi. Akaniuliza simu inasemaje.

"Kilomita kumi na tano kwa saa, Tata."

Kisu kikasimama. "Wewe hutuhubiria upepo mpaka chai inapoa. Leo unanijibu kwa pumzi moja?"

Nikaifunika simu kwa kiganja.

"Mama yako atakaa chini ya hema hilo," akasema, akarudi kwa viazi vyake.

Nikaenda kumwambia Wambui yote. Alikuwa na marafiki zake, wakimjaribisha viatu.

"Ulisema itapendeza," akasema. "Sasa gauni limefika ndio upepo unaanza? Sema tu una wivu."

Marafiki wakacheka.

"Ninao," nikasema. "Ninao mwingi. Lakini tugeuze hema."

Kicheko kikaisha. Wambui akanigeukia, kiatu kimoja mguuni. "Fanya unavyotaka," akasema.

Tukateremsha pazia upande wa mlima, tukafungua upande wa pili, tukaongeza vigingi na kamba. Asubuhi ilitulia kabisa. Wambui alinipita bila salamu, na mimi nikaanza kuunung'unikia upepo kwa kuchelewa. Ulikuja wakati wa keki. Pazia likavimba, kamba zikalia, sahani zikaruka hadi kwenye mahindi. Mama akashika kitambaa chake cha kichwa. Hema likabaki limesimama.

Picha za Wambui hazina mlima, na hajawahi kunishukuru. Nami, kusema kweli, niliendelea kumwonea wivu hadi alipoondoka, mumewe amemshikia gauni lisiburute vumbini.

Basi ukisoma habari za upepo usiishie kwenye kasi, kwa kuwa hiyo ni hali ya kawaida ya siku tu. Tafuta vishindo, maana ndivyo vinavyong'oa. Ujue upepo unatoka wapi kabla hujaamua mlango utazame wapi. Kisha mwambie mwenye shughuli yote uliyoyaona, hasa kama moyo wako hauko naye siku hiyo. Huenda akakuita mwenye wivu. Kubali, kisha uendelee kukaza kamba.

Mungu akupe macho ya kuona na mdomo usiobakiza. Na wale unaowaonea wivu kwa walicho nacho, awaketishe salama chini ya kazi ya mikono yako.