Mdogo Wangu Alisema Nimezikwa

Kijiji chetu karibu na Mlola kilikuwa katikati ya kugawa viwanja vya ujamaa macho yangu yalipogeuka manjano. Mwili uliwasha mpaka nikawa najikuna kwa gunzi la hindi. Nilikuwa mjane, sina mtoto, nafundisha darasa la pili. Mtu wangu wa karibu alikuwa mdogo wangu wa kike, niliyemlea tangu mama yetu afariki. Nilipopewa rufaa kwenda hospitali kubwa mjini, yeye ndiye aliyenisindikiza.

Daktari alisema nina uvimbe kwenye kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Walinipasua tangu asubuhi mpaka jioni. Wakatoa kichwa cha kongosho, mfuko wa nyongo na kipande cha utumbo, kisha wakaunga vilivyobaki. Siku ya sita maungio yakaachia. Maji ya kongosho yakaanza kuvuja kwenye kidonda, na maji yale kazi yake ni kuyeyusha chakula. Sasa yaliyeyusha ngozi yangu. Tumbo likababuka kama nimemwagiwa uji wa moto. Homa ikapanda, na hata tone la maji nikakatazwa kunywa.

Mchana mmoja, macho nimefumba, nilimsikia mdogo wangu akizungumza na binamu yetu aliyekuja kunitazama. Walisema Kishambaa ili wodi nzima isielewe.

"Daktari kasema hafiki Jumapili," alisema. "Mimi narudi nyumbani. Nikichelewa, kile kiwanja chake atapewa mtu baki."

Nilijiambia ni homa tu. Aliponiinamia na kusema, "Dada, naenda kufua kanga zako, nakuja," nilimwamini. Akaondoka na sanduku langu.

Jumapili ilipita, na nyingine, na nyingine. Muuguzi mmoja wa makamo alinisafisha kila siku na kunipaka dawa nzito nyeupe kuzunguka kidonda, huku akinigombeza nisilie kwa sababu kulia kunavuta nyuzi. Mara mbili usaha ulijaa ndani, wakaufungulia njia na kuniacha na bomba la kuutoa. Niliandika barua mbili kwenda nyumbani. Hazikujibiwa. Wiki ya saba bomba likatoka kavu, na daktari akaniambia uvimbe haukuwa saratani.

Niliposhuka kwenye basi pale Soni ili nipande gari jingine, mama mmoja wa kijijini kwetu, aliyekuwa akiuza karoti, aliniona akatupa fungu chini akakimbia. Balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuwa hapo sokoni, ndiye aliyepata ujasiri wa kunishika mkono.

"Mwalimu," alisema, "tumeshakuombea kanisani. Mdogo wako alituambia umezikwa mjini, kwamba usafiri wa mwili ulikosekana. Kiwanja tumemwandika yeye."

Nilimkuta mlangoni kwangu akichambua maharage, amevaa sweta langu la kijani. Ungo ulimponyoka.

"Shikamoo, dada."

Sikuitikia. "Kaburi langu liko wapi?"

"Daktari mwenyewe alisema..."

"Daktari alisema sifiki Jumapili. Nani alisema nimezikwa?"

Alianza kuokota maharage.

"Na barua zangu?"

"Nilizipata," alisema kwa sauti ndogo. "Zote mbili."

Kumkimbia mgonjwa ningeweza kumsamehe. Alikuwa msichana, aliogopa. Lakini alijua niko hai, akaendelea kupokea pole za watu.

Mkutano wa kijiji ulinirudishia kiwanja bila mabishano. Tumbo ndilo halikurudi kama zamani. Mpaka leo nakula kidogo kidogo mara sita kwa siku, na mafuta yakizidi naumwa.

Yeye aliolewa huko Mgwashi. Alipojifungua mtoto wa kike, alituma mtu aniite nikampe mtoto jina. Nilituma blanketi. Mwenyewe sikwenda.