Godoro la Dirishani

Shangazi yangu ana magodoro manne, kwa hiyo ana watoto wanne. Wa tano hampokei hata umpigie magoti. Chumba chake cha mbele kina misumari minne ya kutundikia mikoba, vikombe vinne vya plastiki na harufu ya sabuni ya unga. Wazazi huleta watoto saa moja asubuhi, huwachukua saa kumi na moja jioni.

Kabla ya hapo alipiga pasi kwenye duka la dobi miaka kumi na minne, mpaka magoti yakagoma. Mume alikuwa naye, akaondoka. Mtoto hakujaliwa. Mtoto wa kwanza kulelewa naye ni mimi, mwana wa kaka yake, na sasa nimemaliza chuo nimerudi kwake kungoja kazi ambayo haina haraka ya kuja.

Watu humwambia, "Wewe unakaa tu na watoto." Nikisikia hiyo "tu," damu hunichemka. Njoo uone anavyomsafisha mmoja huku akimwondoa wa pili kwenye ndoo, jicho likiwa kwa wa tatu. Ukimaliza kuona, rudia hiyo "tu" mbele yangu.

Magodoro mawili ni ya mapacha wa fundi bomba. La tatu ni la mtoto wa fundi cherehani. La nne, la dirishani, ni la Bosi, msichana wa miaka miwili na nusu ambaye mama yake ni karani wa benki. Shangazi alimpa jina hilo kwa sababu akifika tu hunyoosha kidole: wewe kaa, wewe toka.

Mambo yaliharibika bibi yake Bosi, mama wa baba yake, alipohamia mtaa wa pili. Asubuhi moja, maziwa yakiwa yameshachemka, simu ya shangazi ikalia. Ujumbe: "Dada, leo hatuji. Bibi yake anamtaka."

"Anamtaka!" Shangazi aliibwaga simu mezani. "Mtoto amekuwa kiatu, mtu anaamka tu anamtaka?"

Godoro la dirishani alilitandika vilevile. Halikulaliwa na mtu.

Wiki iliyofuata ikawa hivyo tena, mara mbili. Mimi niliona dhuluma. Kuna mama mmoja alikuwa ameomba nafasi hiyo akakataliwa, kisha nafasi yenyewe inakaa wazi bure! Nikachukua karatasi kubwa na kalamu nyekundu: ANAYEGHAIRI BILA TAARIFA YA SIKU MBILI ATALIPA SIKU NZIMA. KULEA NI KAZI. KAZI NI HESHIMA.

"Hayo ya heshima kata," shangazi alisema. "Hapa si mkutano wa hadhara."

Nikakata, nikabandika mlangoni.

Wa kwanza kughairi alikuwa fundi bomba. Pacha mmoja alikuwa na homa. Shangazi akamjibu, "Usijali baba, muuguze tu. Hakuna malipo."

"Shangazi! Sheria ni ya wote!"

"Kwani wewe ndiye unayewalea?"

Siku ya pili akaghairi mama Bosi. Huyo alidaiwa siku nzima, senti haikupunguzwa. Hapo nikaanza kuelewa tangazo langu lilikuwa linamlenga nani.

Shangazi alitegemea ugomvi. Mama Bosi akalipa papo hapo, akaongeza, "Ni haki yako dada, asante kwa kutuvumilia." Zamani alikuwa akiona haya kughairi, mara nyingine akimleta mtoto hata saa nne badala ya kumkosesha. Sasa alikuwa analipa, haya ya nini? Wiki hiyo Bosi alikuja siku mbili tu. Tatu zililipiwa kabla hata hazijadaiwa.

Sijawahi kuona mtu anayelipwa akanuna vile.

Siku alizokuja, Bosi alihojiwa kama shahidi.

"Huko kwa bibi unakula nini?"

"Yai."

"Yai gani, la kuchemsha? Halina chumvi, eti?"

"Bibi ana paka."

"Paka ana viroboto."

Alikuja amesukwa nywele vizuri sana. Shangazi akazifumua zote, eti zimembana kichwa. Nilitaka kumwambia kwamba huo ni wivu, lakini nilikuwa nakula chakula chake.

Alhamisi, siku nyingine iliyolipiwa, saa saba mchana, watoto watatu wamelala, tukasikia hodi. Alikuwa mwanamke mzee, safi, viatu vimepigwa rangi vikang'aa, na Bosi mgongoni, macho mekundu kwa kulia.

"Mwanangu, leo imelipwa au haikulipwa?"

"Imelipwa, mama," shangazi alijibu.

"Basi nimeifuata. Huyu hajalala mchana hata siku moja kwangu. Nimeimba, nimebeba, nimezunguka naye nyumba nzima. Kila nikifanya kitu ananiambia, 'Si hivyo.' Nifundishe. Wewe unamfanyaje?"

Shangazi alimtazama kama mtu aliyeletewa zawadi. Akamweka Bosi kwenye godoro la dirishani, akapiga magoti kwa taabu, akaanza kumsugua mgongoni kwa nyuma ya kiganja, akivitaja vyombo polepole: "Birika limelala. Sufuria imelala. Mwiko umelala."

Bibi akachukua zamu. "Birika limelala. Sufuria…"

"Si hivyo," alisema Bosi.

"Taratibu, mama. Mkono uwe mwepesi."

"Si hivyo!"

Mimi nilijua kilichokosekana. Kila mchana, baada ya mwiko, shangazi hufungua kitambaa chake cha kichwani, mtoto akakilalia shavu huku ameshika ncha. Bosi alinyoosha mkono juu kukifuata. Shangazi akarudisha kichwa nyuma kidogo, kama anayekwepa nzi.

Bibi aliona ule mkono mtupu hewani. Akanigeukia. "Kuna kingine, kijana?"

Mimi mtu wa haki, mwandishi wa tangazo la mlangoni. Shangazi hakunitazama. Alikaza fundo la kitambaa kisogoni.

"Hakuna, bibi," nikasema.

Mzee akashusha pumzi. "Basi ni mikono yangu. Imekuwa migumu." Akainuka akijishikilia ukutani. "Mwache alale hapa, mama yake atampitia jioni. Nitamwambia awe anamleta kila siku. Mimi nitamchukua Jumamosi."

Alipotoka, niliutazama mgongo wake mpaka kona. Nyuma yangu nikasikia fundo likifunguliwa. Nilipogeuka, Bosi alikuwa ameshafumba macho, kitambaa kimefunika nusu ya uso wake. Shangazi alikuwa sakafuni kichwa wazi, nywele nyeupe nyingi kuliko nilivyodhani.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Wamelipia siku. Hiki hawakukilipia."

Nilikuwa na hotuba nzima tayari. Lakini ile ncha ya kitambaa, pale kwenye ngumi ndogo, naijua harufu yake, sabuni ya unga na pasi ya moto. Niliishika mpaka nikaanza shule, na sikuwahi kuambiwa kwamba kuna mwingine angeishika.

Nikaenda mlangoni nikabandua tangazo. Shangazi hakuuliza kwa nini, na mimi nisingemwambia.