Magoti Hayajasikia

Nilikuwa kwenye foleni ya kliniki moja Bungoma, nimeshika kiuno kilichozunguka nami nchi nyingi na sasa hakitaki hata nifunge kamba za viatu. Mbele yangu mama muuza maharagwe kutoka Kabuchai alikuwa akimweleza mshauri nasaha, msichana aliyepita kwenye foleni na fomu, kwamba tangu aanguke na boda hajapanda nyingine. Huja sokoni kwa miguu, mzigo kichwani, mwendo wa saa mbili.

"Mama, umemsamehe dereva?"

"Mdomo imesamehe kitambo. Hii magoti ndio haijasikia."

Mshauri akaweka fomu kando. "Basi tuongee na magoti. Simama, utikise mwili, hofu itoke."

Mama akatikisa vidole viwili, kama anayefukuza nzi. "Si watu watasema nimerukwa na akili, bana."

"Kwani maharagwe unapepeta aje?"

Hapo akatanua miguu, akashika ungo usiokuwepo, akapepeta. Mabega yakashuka, magoti yakalegea. Akacheka, halafu akalia kidogo, mikono ikiendelea kupepeta. Nami nikajikuta natikisa kiuno, bila kuombwa na mtu.

Tumezoea kumwambia aliyeumia asahau, kana kwamba mwili hupokea amri kwa simu.

Nilipotoka nilimkuta yule mama langoni, ameketi juu ya boda iliyozimwa, ameshikilia kiti kwa mikono miwili.

"Usiwashe," akamwambia dereva wa boda hiyo. "Leo ni ya kuzoeana tu."

Dereva akachomoa ufunguo, akampa aushike yeye.