Vitabu vya Kijiji Vimefungiwa Karanga

Siku ile ya gulio siisahau, mwanangu, maana ndiyo siku uvumilivu wangu ulipokatika kama kamba ya ndoo kisimani. Ulikuwa mgongoni, unaota meno, unalilia kila unachokiona. Nikaenda kwa Mama Nkwimba, muuza karanga, nikanunua za kwenye karatasi iliyosokotwa kama pembe, nizitafune nikulishe. Nikaikunjua ile karatasi. Katikati ya chumvi na maganda nikaona muhuri wa wino wa zambarau: MAKTABA YA KIJIJI. Chini ya muhuri ulikuwa ukurasa wa kitabu cha ufugaji nyuki, mzinga umechorwa vizuri, umelowa mafuta.

"Mama Nkwimba, karatasi hii umeitoa wapi?"

"Wewe umenunua karanga au karatasi?" Akacheka, na wenzake waliotandaza michembe yao ya viazi pembeni wakacheka naye.

"Nimekuuliza kwa heshima."

"Na mimi nakujibu kwa heshima, mayu, mama yangu. Naipata ghalani kwa yule mnunuzi wa pamba. Anauza kwa kilo. Karatasi nzuri hii, haiachi wino kwenye karanga kama magazeti. Hata wateja wanaisifia."

Wanaisifia! Nilihisi masikio yanachemka.

Najua wenye kazi ya kutoa nasaha ni wazee, na mimi sijafika huko. Nywele zangu bado nyeusi na wewe ndiye mtoto wangu wa kwanza. Lakini yapo mambo yanamzeesha mtu kabla ya siku zake, na aliyezeeshwa na hasira naye aruhusiwe kusema. Utayasoma haya ukishajua kusoma, kama patakuwa pamebaki pa kusomea.

Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa hapa nikitokea kwetu Zagayu, na chumba kile cha maktaba ndicho kilichonizuia kulia miezi ya mwanzo. Kipo ubavuni mwa ghala la pamba. Wazee wa hapa walikijenga kwa matofali waliyofyatua wenyewe, enzi zile ambapo watu wazima walipelekwa darasani jioni, hadi bibi yako mzaa baba akashikishwa chaki. Aliishia kuandika jina lake tu, mvua zikaanza, akarudi shambani. Vitabu vilikuwa vya kilimo, afya, mashairi, na hadithi. Nilivisoma vyote, vingine mara nyingi. Nikaanza na kuandika mwenyewe, kwa kujifurahisha, kwenye madaftari yaliyobaki shuleni: nilichokiona kisimani, nilichokisikia mashineni, nilichokifikiria baada ya kufunga kitabu.

Basi wakati wa mavuno tulikuwa na desturi yetu. Pamba haikupelekwa kuuzwa hivi hivi. Wanawake tulikaa uani kwenye mikeka tukaichambua, pamba safi huku, pamba fifi kule, yenye madoa na majani makavu isichafue nyeupe. Ni kazi ya mikono. Masikio yanabaki bure. Bibi yako akaniambia, "Wewe mikono yako mizito, unachelewesha wenzako. Shika kitabu, utuchambulie hicho." Nikawa msomaji wao. Nasoma Kiswahili, panapokuwa pagumu nageuza Kisukuma, na wao wanabishana na kitabu kama kimekaa nao mkekani. "Mwambie huyo mwanamume aoge kwanza ndiyo aombe msamaha!" Msimu mmoja tulisoma hadithi ya mwanamke aliyemfuata mumewe migodini kwa miguu, mtoto mgongoni. Pamba ikaisha kabla ya kitabu. Tukasema tutamalizia mwakani.

Mwakani ukaja na soko huria. Mwanangu, usije ukadanganywa kwamba naililia foleni ya sabuni ya enzi za ujamaa. Siililii. Wanunuzi binafsi walipoingia, tulishangilia, tulilipwa papo hapo. Lakini walikuja wawili kwa mpigo, wakigombea pamba, na mwenye haraka hachagui. "Leteni yote, changanya tu!" Watu wakaacha kuchambua. Wengine wakazidi wakatia na mchanga. Mikeka ikakunjwa, na kusoma kukakunjwa humo humo. Bibi yako peke yake aliendelea kutenga safi na fifi, majirani wakimcheka. "Mama, unampangia nani?" Akawajibu, "Najipangia mimi. Macho ni yangu."

Kisha mlango wa maktaba ukawa haufunguliwi. Nikaenda kwa Mtendaji wetu wa kijiji kuomba funguo. Njoo kesho. Nikaenda kesho. Funguo anazo mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akasema ziko kwa Mtendaji. Nikaona kufuli jipya. Nikaona magunia yanaingizwa. Nikauliza, nikaambiwa ni kwa muda tu. Baba yako akasema, "Mama Kabula, acha, wale ni wakubwa." Nikaacha. Nikajisemea mvumilivu hula mbivu. Zilizoiva walikula wengine, mimi nikapewa maganda, tena yakiwa yamefungwa kwa vitabu vyangu.

Wanasema hasira hasara. Kwangu mimi hasara ilitangulia. Hasira ilifuata nyuma inauliza, kuna mtu hapa?

Nikamwambia Mama Nkwimba anipe karatasi zote zilizobaki kwenye kapu lake. Akanitazama kama nimepungukiwa. "Halafu karanga nizifungie nini? Kiganjani mwangu?"

"Nitakuletea nyingine. Nisubiri."

Nikakimbia nyumbani nawe mgongoni. Nyumba nzima karatasi ilikuwa moja tu: madaftari yangu. Nilisimama nayo mlangoni. Miaka ya maneno yangu, mwanangu. Nilichoandika siku uliyozaliwa, mvua ikipiga bati, nikakichana nikakiweka pembeni. Mengine nikayabeba nikampelekea. Akayapima kwa mkono, akayanusa, akakubali. Akanipa kurasa za nyuki, za malaria, za mashairi, na rundo la zile za mwanamke wa migodini. Za mwisho hazikuwemo.

Sasa sikia yaliyofuata. Mama Nkwimba aliuza karanga kwa madaftari yangu, na watu wakasoma. Wasiojua wakasomewa. Nilikuwa nimeandika bila kuficha, maana mtu akijiandikia hafungi kanga. "Leo wanaume wameshinda wakimsifia fahali ambaye hawajawahi kumkatia hata jani." Kilabuni walicheka hadi pombe ikamwagika. Na hili: "Mtendaji wetu ana kishada cha funguo kiunoni, na hakuna mlango hata mmoja anaowafungulia watu." Na hili, Mungu anisamehe: "Tumbo lake limetangulia ofisini, yeye anafuata baadaye." Watu wakawa wananunua karanga wakiuliza, "Hizi zina maneno au za kawaida?"

Haikupita wiki nikaitwa ofisini. Mtendaji alikuwa amekaa, benchi limejaa watu wenye shida zao, karatasi yenye mafuta iko mezani mbele yake.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia.

Akaigonga ile karatasi kwa kidole. "Mama Kabula, wewe ndiye unayenitukana kwenye karanga?"

"Mimi siuzi karanga."

"Mwandiko ni wako! Mke wangu kanisomea hii mbele ya watoto. Watoto wanacheka, mboga inapoa!"

Benchi likaguna. Mzee mmoja akajifanya anakohoa.

"Nataka kujua vitabu vimeuzwa kwa idhini ya nani," nikasema.

"Vilikuwa vinaliwa na mchwa."

"Mchwa hawana mizani. Hivi vimepimwa kwa kilo."

"Mama, siku hizi ni soko huria. Chumba kimekodishwa, kijiji kinaingiza fedha. Kila kitu kijitegemee. Nani alikuwa anasoma mle?"

"Mimi."

"Mtu mmoja si kijiji."

"Na mnunuzi mmoja je?"

Hapo benchi lilishindwa kujizuia, likacheka. Mtendaji akapiga meza. "Kama una malalamiko, lete kwa maandishi, yenye jina! Siyo kunipitisha sokoni na chumvi!"

Nikarudi nyumbani na daftari jipya la dukani, nikashika kalamu. Niliandika kurasa na kurasa, moto mtupu. Tumbo lilikuwemo, mke alikuwemo, hata viatu vya mwenyekiti. Nikamsomea bibi yako uani. Yeye alikuwa anachambua pamba, hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza. Nilingoja sifa.

"Umechanganya," akasema.

"Nimechanganya nini, mayu? Yote ni kweli."

"Madoa nayo ni kweli, lakini huyauzi kama pamba safi. Mlango umefungwa, hilo safi. Vitabu vimeuzwa, hilo safi. Tumbo la mtu lina kosa gani? Hata marehemu baba mkwe wako alikuwa nalo, na hakuiba." Akachukua kibonge cheupe, akakipuliza vumbi. "Ukimpelekea yote hayo, atashika tumbo lake aseme ametukanwa, na mlango utabaki umefungwa. Tena kule kwenye karanga hukuweka jina. Mtu anayesema bila jina ni wa namna gani? Mimi duniani najua kuandika kitu kimoja tu, jina langu. Nilifundishwa kwenye chumba kile. Lete, nami niliandike."

Akarudi kwenye pamba yake. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Yule mwanamke alifika migodini?"

"Sijui, mayu. Kurasa za mwisho hazipo."

"Basi ulizia na hizo."

Nilikasirika mara ya pili, safari hii kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nikakaa mkekani pembeni yake, nikayatenga maneno yangu, safi huku, fifi kule.

Sikiliza sasa, mwanangu Kabula, maana hili ndilo nililotaka ulishike. Watakaokuambia usikasirike, wasikilize nusu. Ziba ufa, maana ukuta hutajengewa na aliyeubomoa. Lakini hasira ni mavuno. Usiyabebe mabichi mabichi mpaka kwenye mizani ya watu wanaotafuta sababu ya kuyakataa. Yachambue. La kuumiza mtu litenge, la haki lipeleke, na juu yake weka jina lako uliloitwa na wazazi wako. Usingoje ruhusa ya kusoma, wala usikubali mtu akuambie kitu cha wote hakina mwenyewe. Mwenyewe ni wewe. Na ukiambiwa njoo kesho, nenda kesho, lakini nenda na mashahidi.

Mungu akupe macho yasiyochoka na ulimi usiotetemeka mbele ya meza kubwa. Shamba lako lipate mvua kwa wakati wake. Ukizaa, uzae wenye kukubishia. Na popote utakapokaa, pawe na mlango unaofunguka.

Barua niliipeleka leo asubuhi Ofisi ya Kata, nawe mgongoni, bibi yako mbele na fimbo yake. Karani alitaka kuiweka kwenye trei. Nikamwambia agonge muhuri nakala yangu kwanza, nikasimama pale mpaka akagonga. Nainakili hapa kama ilivyo:

Kwa Afisa Mtendaji wa Kata.

Nakala: Afisa Elimu wa Wilaya, Bariadi.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUFUNGWA KWA MAKTABA YA KIJIJI NA KUUZWA KWA VITABU VYAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi wa kijiji hiki tunalalamika kwamba chumba cha maktaba, kilichojengwa kwa nguvu za wananchi, kimekodishwa kwa mnunuzi binafsi wa pamba bila mkutano wa kijiji kuitishwa. Kufuli limebadilishwa. Vitabu vya umma vimetolewa na kuuzwa kwa kilo kama karatasi za kufungia bidhaa. Tunaambatanisha kurasa zenye muhuri wa maktaba zilizopatikana gulioni.

Tunaomba yafuatayo. Uuzaji wa vitabu vilivyobaki usimamishwe leo hii. Mkutano wa kijiji uitishwe, tuelezwe nani aliidhinisha. Pamba iondolewe na chumba kirudishwe. Funguo zikabidhiwe kwa mtu atakayechaguliwa na wasomaji, na saa za kufungua zibandikwe mlangoni.

Aidha, tunaomba ghala likaguliwe na kurasa za mwisho za kitabu cha hadithi ya mwanamke aliyekwenda migodini zitafutwe, kwa kuwa wapo wasikilizaji wanaozisubiri.

Hatuna ugomvi na mtu yeyote binafsi. Ugomvi wetu ni na mlango uliofungwa. Tutafika ofisini kwako kila siku ya kazi kufuatilia majibu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Minza Masanja, mkulima na msomaji.

Holo Ngasa, mkulima na msikilizaji. (Ameandika jina kwa mkono wake mwenyewe.)